Mbolea ya kuku waliopewa OTC na salfa: kunde zimedumaa, je ni dawa?

KichangaPwani

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la wataalamu wa udongo na wa dawa za kuku, mwenye ujuzi anisaidie.

Shamba liko Kibaha, udongo kichanga, pH 6.2. Kuna kunde na bamia kwenye mashimo yenye nafasi ya sentimita 50 kwa 50, pembeni mistari michache ya mahindi, na kitalu cha nyanya. Mbolea ni ya kuku wa nyama iliyochanganyika na maranda, kutoka mabanda mawili ya mfugaji mmoja. Chakula kimoja, maranda ya aina moja, kuku 1,000 kila banda. Banda A halikupewa dawa yoyote baada ya wiki ya kwanza. Banda B kuku waliharisha wiki ya nne, wakapewa OTC (oksitetrasaiklini) kwenye maji siku 5, ikafuata salfa siku 3, zote ni antibayotiki. Wakauzwa mwisho wa wiki ya tano na mbolea ikafungwa kwenye viroba kesho yake.

Kila shimo limepata kopo la lita moja, kama gramu 400, likachanganywa na udongo wa shimo (kilo 4 hivi). Mbegu zikaingia siku ya nne. Upande wa A mimea iko vizuri. Upande wa B kunde zimeota lakini zimedumaa: majani machanga ya njano, mizizi mifupi na minene, vinundu vya mizizi vya kukamata naitrojeni hakuna kabisa. Bamia zina unafuu kidogo, mahindi hayana neno. Kwenye kitalu nilichanganya mbolea ya B debe 1 kwa udongo madebe 3. Miche ya nyanya imetoa majani mawili ya mwanzo, ikagoma hapo.

Nauliza: hii ni dawa au kitu kingine? Kama ni dawa, itakaa ardhini muda gani? Na viroba 30 vya banda B vilivyobaki (kilo 30 kila kimoja) nifanye navyo nini?

Mpimaudongo

Kabla ya kuihukumu dawa, waondoe kwanza washukiwa wa kila siku, yaani amonia na chumvi. Mbolea mbichi ya kuku ina asidi ya yuriki nyingi, na ikipata unyevu hugeuka amonia ndani ya siku chache hadi wiki chache. Siku nne ulizosubiri hazitoshi. Halafu angalia jambo ulilolitaja kwa kupita tu: kuku wa B waliharisha. Banda la kuku wanaoharisha hulowa, maranda huganda, na mbolea yake hutoa amonia kali kuliko ya banda kavu. Kwa hiyo A na B hazitofautiani kwa dawa peke yake, na ulinganisho wako hauwezi kubeba uzito wote unaoutwika.

Dalili zinasaidia kutenganisha, ingawa si kwa uhakika wa asilimia mia. Chumvi na amonia huunguza: kingo na ncha za majani hukauka rangi ya kahawia, ncha za mizizi huwa nyeusi au kahawia kama zimebabuliwa, na mara nyingi mche hufa ndani ya wiki ya kwanza. Tetrasaiklini (OTC iko kwenye kundi hili) kwanza hufupisha mzizi mkuu na kupunguza mizizi ya pembeni, ndipo jani changa linatoka njano au jeupe bila kuungua. Maelezo yako yanaelekea huku kwa kunde. Kwa kitalu cha nyanya sina shaka kubwa: robo nzima ya mbolea mbichi ya kuku kwenye udongo wa kitalu ingeidumaza miche hata kama kuku hao hawakuonja dawa tangu kuanguliwa.

Kipimo cha chumvi ni rahisi ukipata kifaa cha EC, yaani kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, EC hupanda). Chukua udongo wa shimo uliokauka gramu 20, maji ya mvua au yaliyochujwa mililita 100, tikisa dakika kadhaa, acha utulie nusu saa, pima maji ya juu. Kwa udongo wa kichanga tifutifu zidisha jibu kwa 14 hivi upate EC ya udongo uliolowa wote. Maharage huanza kupoteza mavuno EC hiyo ikifika 1.0 dS/m, kabichi 1.8, nyanya 2.5. Yaani kifaa kikisoma 0.1 tu kwenye kichanga, maharage tayari yako pabaya. Kichanga hakina cha kushikilia chumvi, ndiyo maana kosa dogo la mbolea huonekana haraka.

Kuhusu vinundu, usivitumie kama ushahidi bado. Naitrojeni ikiwa nyingi, jamii ya mikunde haijisumbui kutengeneza vinundu. Upande wa A vipo?

KichangaPwani

A vipo vichache, ukivipasua ndani ni vyekundu. Kingo za majani ya B hazijaungua, nimekagua upya. Harufu ya amonia kwenye mashimo ya B sasa haipo.

Dkt_Mabanda

Ngoja niingie upande wa dawa, maana hapa namba zinasema zaidi ya hisia.

Antibayotiki anazopewa mnyama hazimalizikii tumboni. Kati ya asilimia 30 na 90, kutegemea dawa, hutoka kwenye kinyesi na mkojo zikiwa bado hai. Chukua OTC kwa dozi ya miligramu 20 kwa kilo ya kuku kwa siku. Kuku 1,000 wa wiki ya nne wenye wastani wa kilo 1.2, siku 5: hiyo ni gramu 120 za dawa halisi. Tuseme asilimia 70 imetoka, gramu 84. Tuseme mbolea yote ya banda B ilikuwa viroba 40 vya kilo 30, yaani kilo 1,200. Unapata miligramu 70 kwa kila kilo ya mbolea. Ni makadirio ya juu, kwa sababu sehemu huvunjika ndani ya maranda, ila kwako muda ulikuwa mfupi sana wa kuvunjika.

Sasa linganisha na banda A. Vifaranga wa wiki ya kwanza wana wastani wa gramu 100. Dozi ileile, siku zilezile, ni gramu 10 tu kwa banda zima, kisha ikakaa wiki nne kwenye maranda yenye joto na vijidudu. Ndiyo maana swali la kumuuliza mfugaji ni "uliwapa dawa wiki gani?" Ukimuuliza tu kama alitumia dawa, wote watajibu ndiyo na hutajua kitu.

Shimoni kwako: gramu 400 za mbolea yenye miligramu 70 kwa kilo, ndani ya jumla ya kilo 4.4, ni kama miligramu 6.4 kwa kilo ya udongo. Mbolea hiyohiyo ukiimwaga tani 4 kwa ekari na kuilima hadi sentimita 20, udongo wa ekari kwa kina hicho ni kama tani 1,130, unapata miligramu 0.25 kwa kilo. Tofauti ni mara 25, na imeletwa na kopo lako, dawa ni ileile. Kwa kulinganisha, miongozo ya kimataifa ya kusajili dawa za mifugo (VICH) inachukulia mikrogramu 100 kwa kilo ya udongo, yaani 0.1, kuwa kiwango ambacho kikivukwa dawa nyingi hulazimika kuchunguzwa zaidi athari zake kwa mimea, minyoo na vijidudu vya ardhini. Hata kwa kumwaga unakivuka; shimoni umekivuka mara 60 na ushee.

Na kuna kitu watu wengi hukichanganya. "Siku za kusubiri" zilizoandikwa kwenye chupa ni za nyama, mayai na maziwa. Kinyesi hakimo. Mfugaji anaweza kufuata lebo neno kwa neno na mbolea yake bado ikawa imejaa dawa, kwa sababu siku hizohizo za kusubiri ndizo kuku anazomalizia kuitoa.

Salfa ni mnyama mwingine. Dozi yake kwa uzito ni mara kadhaa ya OTC, na sehemu hutoka mwilini ikiwa imefungwa kikemikali, haifanyi kazi. Ikifika kwenye samadi, vijidudu hukifungua kile kifungo na salfa inarudi kuwa hai. Kwa hiyo kiasi kilicho hai kwenye mbolea kinaweza hata kupanda siku za mwanzo.

Nitoe dukuduku moja: kuku wengi wanapewa OTC kwa kideri au gumboro. Hayo ni magonjwa ya virusi, antibayotiki haiyagusi. Pesa ya mfugaji inapita kwenye kuku na kuishia kwenye shimo lako la kunde.

Mshamba_Ruvu

Daktari shukrani. Swali la mtu asiye na digrii: dawa inaua bakteria, mmea si bakteria. Inamdhuru vipi?

Mpimaudongo

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Ndani ya seli ya mmea kuna kloroplasti (zenye rangi ya kijani, zinazotengeneza chakula) na mitokondria (zinazozalisha nishati), na asili ya vyote viwili ni bakteria. Kloroplasti ina ribosomu zake za kutengenezea protini, zinazofanana na za bakteria. Tetrasaiklini hushika ribosomu hizo, na jani changa, ambalo ndilo linajenga kloroplasti kwa kasi, linashindwa kuwa la kijani. Jani lililokwisha komaa halionyeshi sana. Enrofloksasini, antibayotiki nyingine ya kuku, huzuia kimeng'enya cha kukunja na kukunjua DNA, na mmea unacho kinachofanana nacho kwenye kloroplasti na mitokondria. Salfa huzuia utengenezaji wa foleti (vitamini ya kundi B). Sisi watu tunapata foleti kwenye chakula, ila mmea hujitengenezea wenyewe kwa njia ileile ya bakteria. Kuna dawa ya magugu ya mashamba ya miwa, asulamu, inaua magugu kwa kuzuia kimeng'enya hichohicho ambacho salfa ya kuku inakizuia. Kwa hiyo salfa shambani ni kama kiuagugu kidogo kisicho na lebo.

Njia ya pili haipiti ndani ya mmea: bakteria wa udongo. Rizobia, yaani bakteria wanaojenga vinundu vya kunde, wakidhoofika, vinundu havijengwi. Wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti wakicheleweshwa, amonia inabaki muda mrefu zaidi karibu na mizizi. Hapo dawa na amonia zinashirikiana, na ndiyo sababu sipendi jibu la "ni hiki, si kile".

Kwa nini mahindi yako hayana neno? Mahindi huvumilia zaidi. Kuna majaribio ya Marekani yaliyochapishwa 1982 ambapo OTC na ndugu yake klorotetrasaiklini ziliwekwa kwenye udongo wa aina mbili. Maharage ya pinto yalidumaa kwenye udongo wa kichanga, na kwenye udongo wa mfinyanzi madhara hayakuonekana. Tetrasaiklini hung'ang'ania mfinyanzi, mboji, kalsiamu na chuma kiasi kwamba inayobaki kwenye maji ya udongo, ambayo ndiyo mzizi huyanywa, ni kidogo mno. Kichanga cha Pwani hakina mshiko huo. Miligramu 6 kwenye udongo mweusi wa mbuga huenda usione kitu. Kwenye kichanga chako ni habari nyingine.

Usishangae pia ukisikia mtu anasema mbolea yenye dawa imekuza mboga zake. Kwa viwango vya chini sana baadhi ya antibayotiki huchochea ukuaji kidogo. Jaribio la Italia la 2003 la enrofloksasini kwenye matango, saladi, maharage na figili liliona kuchochea na kudhuru, kutegemea kiwango. Lakini mara nyingi ni naitrojeni tu ya mbolea inayomfurahisha.

Mshamba_Ruvu

Nimewahi kusoma kwamba maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano hayagandi mtindi. Je, tusikamue maji ya mbolea tukayatia kwenye maziwa yenye kimea cha mtindi, tuone kama yatagandishwa? Bei rahisi kuliko maabara.

Mpimaudongo

Kwa maziwa yenyewe kipimo hicho kina mantiki, viwanda hutumia vipimo vya jamii hiyo. Kwa maji ya mbolea kitakudanganya pande zote mbili. Yana mamilioni ya bakteria wake watakaochachusha maziwa hata kama dawa ipo, na yana amonia itakayozuia uchachu hata kama dawa haipo. Ukichemsha kuua bakteria unabadilisha na dawa. Achana nacho.

Maabara za udongo, iwe SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano, ni mahali pa kupima pH, EC, naitrojeni na mboji. Masalia ya antibayotiki yanataka LC-MS, mashine ghali ya kutambua kemikali, na kwa viroba 30 gharama haina maana. Mmea wenyewe ndio kipimo chako. Fanya hivi.

Tafuta vikopo 25 vya lita moja, chupa za maji zilizokatwa zinafaa, toboa chini matundu manne. Udongo uwe wa sehemu ya shamba ambayo haijawahi kupata mbolea ya B. Makundi matano, vikopo vitano kila kundi: udongo mtupu, udongo na mbolea ya A, udongo na mbolea ya B ilivyo, udongo na B iliyosuuzwa, udongo na A iliyosuuzwa. Mbolea iwe sehemu 1 kwa udongo sehemu 10 kwa uzito, sawa na shimo lako.

Kusuuza ndiko kunakotenganisha washukiwa. Tia kilo moja ya mbolea kwenye mfuko wa kitambaa, mimina maji lita 5, acha yachuruzike, rudia mara tatu. Chumvi na amonia huondoka na maji. OTC inabaki kwa sehemu kubwa kwa sababu imeng'ang'ania kwenye kinyesi. Salfa haina mshiko, nyingi itaondoka. Kausha kivulini, tandaza, siku mbili au tatu. Usianike juani, mwanga wa jua huvunja tetrasaiklini na utakuwa umeharibu ushahidi wako. Yale maji yaliyochuruzika usiyamwage karibu na kisima.

Panda kunde 4 kwenye kila kikopo, na figili 4 pembeni kwa sababu mzizi wake hunyooka na ni rahisi kupima. Changanya mpangilio wa vikopo ili kundi moja lisikae lote kivulini. Mwagilia kiasi kilekile, maji yasitoke chini, yakitoka unasuuza bila kukusudia. Siku ya 5 hesabu zilizoota. Siku ya 12 mwaga kikopo ndani ya ndoo ya maji, osha mizizi taratibu, pima mzizi mkuu kwa rula na uandike rangi ya jani la mwisho.

Kusoma majibu: B iliyosuuzwa ikiwa sawa na A iliyosuuzwa, tatizo lilikuwa chumvi, amonia au salfa. Ikiwa B iliyosuuzwa bado ina mizizi mifupi na A iliyosuuzwa ni nzima, OTC imejitaja yenyewe. Tofauti ya chini ya robo ya urefu usiichukulie kitu, mbegu za kunde zenyewe hutofautiana kiasi hicho. Na mbolea uchukue kutoka viroba vitano tofauti uchanganye, maana chini ya vinyweshi ndiko maji ya dawa humwagikia, na kiroba kimoja kinaweza kuwa na dawa mara nyingi ya kingine.

Mboji_Kwanza

Nije kwenye viroba 30, maana hapo ndipo penye uamuzi wa pesa.

Kuozesha kunasaidia sana kwa OTC. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville waliozesha samadi ya ndama waliotibiwa kwa OTC: kutoka miligramu 115 kwa kilo ilishuka chini ya 6 ndani ya siku 6, na ilipofika siku ya 35 asilimia 99.8 haikupatikana tena. Walichopima ni dawa "inayoweza kukamuliwa" kwenye sampuli. Sehemu inaweza kuwa imefungwa ndani ya mboji, lakini iliyofungwa mzizi hauipati. Kwa salfa habari ni mbaya. Utafiti wa Minnesota wa 2008 kwa mbolea ya bata mzinga ulikuta klorotetrasaiklini imepungua zaidi ya asilimia 99 chini ya siku 10, taylosini na monensini (dawa nyingine za mifugo) asilimia 54 hadi 76 kwa muda wote wa kuoza, na salfadimidini, aina mojawapo ya salfa, haikupungua kabisa. Jambo lililonivutia humo: lundo lililogeuzwa na kuhudumiwa halikushinda kwa mbali lundo lililoachwa tu. Kwa dawa, kilichofanya kazi ni joto na muda. Kugeuza bado kunahitajika kwa ajili ya vimelea na mbegu za magugu.

Lundo lako: kilo 900 ni kama mita za ujazo 2. Ongeza ujazo uleule wa nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Maranda hayaongezi kitu hapa, kaboni yake huoza polepole. Pumba za mpunga zinafaa kwa kupitisha hewa. Upana mita 2, urefu mita 1.8, kimo mita 1.2, likiwa dogo kuliko mita 1 kila upande halishiki joto. Unyevu: finya kiganjani, vidole vilowe lakini matone yasidondoke. Chomeka nondo katikati, iache dakika 10, ichomoe. Ukishindwa kuishika, joto linatosha, uko kwenye 55 au zaidi. Geuza kila siku tatu kwa siku 15 za kwanza, kisha kila wiki. Wiki 8, halafu wiki 4 za kupumzika. Kosa la kawaida ni kurusha maji kila siku kwa kuwa juu pamekauka, ndani panalowa, hewa inaisha, lundo linanuka na joto linashuka hadi 35. Kosa la pili ni kuliacha wazi wakati wa masika. Funika kwa turubai au makuti, maana mvua hukamua salfa na naitreti zikashuka chini, na visima vifupi vya Pwani haviko mbali.

Lundo likigoma kupanda joto ndani ya siku 5 na unyevu uko sawa, antibayotiki yenyewe huenda imewalaza bakteria. Changanya ndoo tano za mboji iliyokomaa au samadi ya ng'ombe asiyetibiwa, litaamka.

KichangaPwani

Asanteni sana wakuu. Majivu je? Nimeambiwa majivu na chokaa "huua dawa". Na mashimo yaliyokwisha haribika nifanyeje, nipande upya humohumo?

Mpimaudongo

Majivu usitie. Ukipandisha pH juu ya 7.5 hivi salfa inapata chaji hasi, inauachia udongo na kuelea kwenye maji, mzizi na kisima vyote vinaipata kirahisi. Kwenye mbolea mbichi majivu pia yanaifukuza naitrojeni kama amonia. pH yako ya 6.2 iache ilivyo.

Mashimo: usipande kunde humo msimu huu. Chimbua, sambaza udongo wa shimo kati ya mistari na uulime ndani hadi sentimita 20. Kwa nafasi ya 50 kwa 50 una mashimo kama 16,000 kwa ekari, yaani tani 6.5 za mbolea. Zikisambaa sawasawa unashuka kutoka 6.4 hadi kama 0.4. Hiyo tani 6.5 yenyewe ni nyingi, msimu ujao punguza kopo liwe nusu. Ukipata udongo wa kichuguu, jaza kilo moja kwenye kila shimo jipya. Mfinyanzi wake unashika tetrasaiklini. Hausaidii kwa salfa.

Muda: OTC kwenye udongo hupungua nusu kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Salfa kwenye kichanga chenye unyevu ni siku hadi wiki chache, nyingine inaondoka na mvua. Ungekuwa umetumia enrofloksasini ningekuambia uhesabu miezi mingi, ile ikishika udongo haibanduki upesi. Panda mahindi sasa, rudisha kunde msimu unaofuata, na mbegu za kunde uzipake rizobia wapya.

Dkt_Mabanda

Niongeze la walaji kwa kuwa kuna mtu ameniuliza pembeni. Mimea hunyonya, ila kidogo. Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2005 walikuta klorotetrasaiklini kwenye mahindi machanga, vitunguu vya majani na kabichi, mikrogramu 2 hadi 17 kwa kilo ya majani mabichi, na taylosini hawakuiona kabisa, molekuli yake ni kubwa mno. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bakteria sugu wanaopanda na tope kwenye jani. Mchicha unapikwa, lakini saladi, kachumbari na giligilani hazipiti motoni. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, siku 90 kwa isiyogusa. Zimewekwa kwa ajili ya vimelea, lakini ukizifuata unapunguza na haya.

Kwa mfugaji wako mwombe mambo mawili tu. Aandike kwenye kiroba tarehe na jina la dawa ya mwisho. Na banda lililotibiwa wiki ya nne au ya tano viroba vyake viwekwe kando, visichanganywe na vingine. Muulize pia kuhusu chakula, baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama vina monensini au salinomisini za kuzuia koksidia, na hizo haziingii kwenye daftari la dawa kwa sababu hazikununuliwa kama dawa.

Mboji_Kwanza

Viroba hivyo 30 vikishakomaa peleka kwenye migomba au mahindi kwanza, kwa sababu ya ile salfa. Kitalu cha nyanya kitengenezee mboji nyingine, sehemu 1 kwa udongo 5, na kabla ya kusia jaza kikopo kimoja, panda figili kumi. Zikiota nane na mizizi ikinyooka ndani ya siku 7, sia nyanya.